Kaseti ya Siku ya Hina

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka uso hunipanda moto, na nywele zangu zimeshajaa mvi. Nimeamua kukusimulia kwa sababu juzi nilikuona sebuleni ukiwarekodi akina mama kwa simu yako, wao wakicheka na kupiga soga hawana habari. Sikukugombeza mbele za watu. Nilijiona mwenyewe nilivyokuwa nikiwa na umri wako, nikasema afadhali kwanza nikueleze yaliyonipata.

Nilikuwa mwanafunzi wa ufundi wa redio, kule chuoni karibu na mtaa wa Buxton. Katika darasa zima wasichana tulikuwa watatu tu. Nilikaa Mji wa Kale kwa nyanya yangu, mamake mamangu, na kila asubuhi nilikwenda chuo kwa miguu. Wenzangu walipenda mpira, wengine sinema za Kihindi. Mimi nilipenda sauti. Mjomba wangu, aliyekuwa mpishi melini, aliniletea rekoda ndogo ya kaseti, ya kushikwa mkononi, na tangu siku hiyo sikuiweka chini. Nilirekodi nyundo za mafundi wa mashua Liwatoni. Nilimrekodi muuza kahawa akigonganisha vikombe. Nilikwenda Ngome ya Yesu nikamrekodi mzee mmoja mwenye kutembeza wageni, ambaye alitoa mzaha ule ule kwa kila kundi, na kila mara akaucheka kama ndio kwanza ausikie. Watu husema simu ndizo zilizowaharibu ninyi vijana. Mimi husema tabia hii ni ya zamani, nilikuwa nayo. Yangu ilihitaji betri tu.

Wala sikuwa na nia mbaya, nataka ulijue hilo mapema. Lakini nyundo haiombwi ruhusa, na mimi nikazoea kutoomba.

Basi, jirani yetu Mama Nuru alikuwa akimuoza bintiye. Siku ya kumtia hina bibi arusi, alasiri, wanawake wa mtaa wote tulijaa nyumbani kwake. Unajua mambo yale yalivyo: mabuibui yametundikwa, milango imefungwa, hakuna mwanamume hata mmoja, na kila mtu yuko huru kucheza na kusema atakalo. Nilimchukua rafiki yangu wa darasani, Mwende. Alikuwa binti wa Kikamba, babake akifanya kazi reli, nao waliishi Buxton. Mwende ndiye aliyenisaidia hesabu mpaka nikafaulu mtihani wa mwaka wa kwanza. Alikuwa hajapata kuingia kwenye harusi ya Waswahili. Nilimfunga leso mwenyewe, na akina mama wakamkaribisha, wakamlisha mpaka akaomba msamaha.

Katikati ya shangwe, wanawake wakaanza kumsihi Bi Rehema aimbe. Huyu Bi Rehema alikuwa mjane, makamo ya nyanya yangu. Ujanani mwake hapakuwa na harusi ya kike isiyomwita. Lakini tangu mumewe alipofariki alikuwa ameacha kabisa kuimba. Siku hiyo, sijui ni nini, akainuka. Akaimba wimbo alioutunga mwenyewe juu ya marehemu mumewe:

"Koroma bwana koroma, usingizi wote wako,
Mie macho nimetoa, nasikiza zumari yako."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Alimwiga anavyokoroma, anavyogeuka, anavyoamka na kuapa kwamba hakuwa amelala. Kisha sauti yake ikashuka. Akaimba kwamba sasa nyumba ni kimya, na kwamba angetoa kila alicho nacho asikie mkoromo ule japo mara moja. Waliokuwa wakicheka wakajifuta macho kwa leso. Mwanangu, sijapata kusikia kitu kama kile.

Na rekoda yangu ilikuwa mapajani, chini ya leso, inazunguka. Hakuna aliyejua. Hata Mwende, aliyekuwa amekaa bega kwa bega nami, hakujua.

Jumatatu nikaipeleka kaseti karakana ya chuo. Nilijiambia ni kwa ajili ya ufundi, wenzangu wasikie sauti safi ilivyonaswa ndani ya chumba kilichojaa watu. Ukweli ni kwamba nilitaka sifa, nazo nikazipata. Mvulana mmoja akaniomba aiazime siku moja. Nikampa. Akatoa nakala, lakini alinakili kile kipande cha kuchekesha tu, kile cha machozi akakiacha. Nakala ikazaa nakala.

Hazikupita wiki mbili. Bi Rehema alikwenda sokoni kununua ndimu, na akipita kwa kinyozi mmoja akaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika. Ndani wanaume wamekaa wanamcheka mumewe, mmoja anakoroma kwa mzaha. Ndimu hakununua. Alirudi nyumbani akafunga mlango, na kwa siku kadhaa hakufungua ila kwa nyanya yangu.

Mama Nuru alikuja kwetu akiwa amewaka. Jambo lile limetokea nyumbani kwake, na yeye ndiye mwenye kuulizwa. Nilikuwa nikimimina kahawa.

"Mimi nimeshamjua," alisema. "Ni yule mgeni aliyekuja na huyu Saada wako. Sisi twajuana, nani kati yetu angefanya haya? Yule hajui mila zetu. Asikanyage tena kwangu."

Nyanya alisema, "Umemuona akirekodi?"

"Nimuone wapi, mambo ya siri haya! Lakini ni nani mwengine?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi. Lilitakiwa neno moja tu, mwanangu. "Mimi." Badala yake nikaweka birika chini, nikatoka nikaenda kuosha vikombe ambavyo havijatumika.

Siku ya pili yake Mwende akaja kunichukua twende tukasome, kama desturi. Kabla hajafika kwetu, Mama Nuru alimuona kutoka barazani kwake, akamwambia mbele ya watu arudi alikotoka. Mwende alipita tu, akanikuta mlangoni kwetu, macho yamemjaa maji.

"Saada, nimekosa nini?" akaniuliza. "Wale ni watu walionilisha kwa mikono yao."

Nikamwambia, "Sijui."

Neno lile ndilo linalonipandisha moto usoni hadi leo. Kurekodi lilikuwa kosa, ndiyo. Lakini pale ulikuwa ni uongo, nao niliusema nikimtazama usoni mtu anayenipenda.

Kwa siku nne nikawa mtu wa kukaa chumbani. Nilijiambia litapita. Nilijiambia kwamba Mwende ana kwao Buxton, si mtu wa mtaa, lawama hazitamfika sana, lakini mimi nitaishi wapi? Tazama nafsi inavyojua kupanga maneno. Rekoda ilikuwa chini ya kitanda, sitaki hata kuiona.

Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, nyanya aliniita. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Hakuniinulia macho.

"Saada, mbona nyumba imenyamaza? Kile kitu chako siku hizi hukisikilizi."

"Kimeharibika, nyanya."

"Na wewe ni fundi." Akaendelea kuchambua. "Rehema ameumia kwa sauti yake kusikiwa na watu asiowataka. Hilo ni lake, na mwenyewe atajua atakavyolipoza. Lakini kuna mtoto wa watu amefukuzwa mlangoni kama mwizi. Mamake atakuwa amemuuliza kwa nini hendi tena kwa Waswahili. Sijui amemjibu nini."

Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, kuanzia kaseti hadi lile "sijui." Nilitegemea anipige, na ningefurahi angenipiga, yaishe. Hakunipiga. Alisukuma sinia ya mchele kando akasimama.

"Vaa buibui lako."

"Nyanya, nitakwenda kesho. Nipange la kusema."

"Kesho utakuwa umeshapata maneno ya kujitetea. Twende sasa hivi, huna hata moja."

Tulikwenda kwanza kwa Bi Rehema. Nyanya alipiga hodi, tukaingia, kisha akakaa pembeni akaniacha nisimame peke yangu. Nikamshika Bi Rehema mkono, nikaubusu, nikamwambia, "Shikamoo Bi Rehema. Aliyerekodi ni mimi. Mwende hakujua chochote."

Akauondoa mkono wake. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Uliupenda ule wimbo?"

"Sana, Bi Rehema. Niliusikiliza kila siku mpaka mwisho. Pale unaposema nyumba ni kimya, nilikuwa nikilia."

"Basi mbona hukuja kuniambia mimi? Watu wote umewapa habari isipokuwa mwenyewe." Akajifunika mdomo kwa ukingo wa leso. "Wale pale kwa kinyozi hawakusikia hiyo sehemu ya kilio, sivyo? Walisikia mkoromo tu. Wamemjua mume wangu kwa mkoromo."

Nikamkabidhi kaseti yenyewe. Kesho yake nilikwenda kwa yule kinyozi na kwa kila mwanafunzi niliyesikia ana nakala, nikaomba nirudishiwe. Wengine walinipa, wengine walinicheka. Sikuzipata zote, na sitakudanganya kwamba nilizipata.

Kutoka kwa Bi Rehema tulipita kwa Mama Nuru. Alinisema, akanisema, mpaka nyanya akamwambia, "Ameshasikia. Sasa na sisi watu wazima tuna letu la kufanya." Mama Nuru alikuwa mwepesi wa hasira lakini si mtu mbaya. Siku ile ile alivaa, tukafuatana sote watatu mpaka Buxton. Mama Nuru alikuwa hajapata kukanyaga nyumba zile maisha yake. Mamake Mwende alitufungulia mlango, na kabla hatujakaa Mama Nuru akasema, "Dadangu, nimemfukuza mwanao kwa kosa lisilo lake. Nimekuja kumuomba radhi mbele yako, kwa vile nilimuaibisha mbele ya watu."

Mwende alimpokea vizuri kabisa. Akamshika mikono, akamwambia yamekwisha. Kisha akanigeukia mimi.

"Wale mama hawakunijua, Saada. Wewe wanijua. Na nilikuuliza."

Akaingia chumbani akafunga mlango.

Karibu muhula mzima hakukaa tena karibu nami darasani. Salamu alinijibu, basi. Sikumlazimisha. Nilimwambia mbele ya darasa zima kwamba mimi ndiye niliyemponza, ili asibaki hata mmoja mwenye kumshuku, kisha nikangoja. Asubuhi moja karakanani, nilikuwa nikihangaika na waya fulani ambao haukukubali kushika, nikasikia mtu akivuta kiti. "Umeunganisha kinyume," Mwende akasema. "Lete hapa." Ndivyo tulivyorudiana, bila hotuba. Alikuja kuwa mhandisi bandarini, amestaafu karibuni, na wajukuu zake huniita nyanya.

Na Bi Rehema? Ilipita miezi. Siku moja akanitumia mtu: Saada aje, na aje na kile kitu chake. Nikaitoa rekoda chini ya kitanda, nikaenda. Nikamkuta amevaa vizuri, amejifukiza udi.

"Kaa hapo," akasema. "Leo nataka kuimba, na wewe ufanye kazi yako. Lakini sharti langu. Nyimbo hizi tatu ni za wanawake, zisitoke. Hizi nyengine msikizishe umtakaye. Na ule wa mume wangu, atakaye kuusikia ausikie wote, mpaka mwisho."

Alasiri ile ndiyo iliyonipa kazi yangu. Tangu hapo nimekwenda nyumba baada ya nyumba katika mji huu, nikinasa sauti za wazee, na sijapata kubonyeza kitufe kabla mwenyewe hajasema ndiyo. Ukimuomba mtu, hukuimbia vizuri zaidi. Bi Rehema alipotutoka, wanawe waliokuwa ughaibuni walikuja kwangu wakakaa wakamsikiliza mama yao. Nikashukuru kwamba walichokisikia alikitoa mwenyewe kwa ridhaa yake.

Kwa hivyo, mwanangu, sikwambii uiache simu yako. Hicho unachokipenda, kuwanasa watu wakiwa katika furaha zao, ni kipaji, na Mungu hakukupa bure. Nakwambia tu uinue uso, umuulize mtu, "Naweza?" Akikataa, mshukuru, uiweke mfukoni. Na hata akikubali wewe kumrekodi, muulize tena kabla hujamtumia mtu mwengine, maana hiyo ni ruhusa mbali. Ukishakosea, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Ukiona mwenzako anabeba lawama yako, usiende kulala kabla hujaichukua, hasa akiwa mgeni asiye na wa kumtetea. Nami nasema haya si kwa kukuogopesha. Nilikosea vibaya, na bado nikapewa rafiki, kazi na heshima, kwa kuwa nilishikwa mkono nikapelekwa kusema kweli kabla sijachelewa.

Mola akupe jicho la kuona mazuri ya watu na ulimi wa kuyaombea ruhusa. Akujaalie marafiki wenye kusamehe, na moyo wa kuwangoja wanapochelewa kusamehe. Masomo yako yafunguke, unachokipenda kikupe riziki ya halali, na kila nyumba utakayoingia ikutamani urudi. Amin, mwanangu.