Pampu Imefika Arusha, Watu Wako Chini

Juzi nilikuwa karakana moja ya Ngarenaro. Msimamizi wa mgodi wa makaa ya mawe kusini alileta pampu iliyoungua, imesafiri siku mbili kwenye lori. Fundi alipoifungua, tope jeusi likamwagika.

"Mlikuwa mnavuta nini?"

"Maji na tope. Tunayahifadhi kwenye handaki la zamani, yakizidi tunayapunguza."

"Na watu wanachimba wapi?"

Msimamizi akalaza kiganja kimoja juu ya kingine, akatikisa cha chini: "Hapa, chini ya hayo maji."

"Hata sasa, pampu ikiwa hapa?"

"Bosi kasema kazi isisimame."

Fundi akabwaga spana. Simu ya msimamizi ikaita, sauti ya bosi tukaisikia sote: "Vipi, itapona?"

Kumbe huruma anayo! Yote kaimalizia kwenye chuma.