Captain Frank na tuta la mfereji lililofungwa kwa miiba

Wakuu, nawasalimu kutoka Nyakahura, Biharamulo.

Mimi ni fundi baiskeli. Kibanda changu kipo sokoni, kando ya barabara kuu, malori ya Rwanda na Burundi yananipita mbele kutwa nzima. Ninachosimulia hapa nilikiona kwa macho yangu, na sehemu mbaya kuliko zote niliifanya kwa mikono yangu. Sitatia chumvi. Haihitaji.

Majina nimebadilisha, na skimu yenyewe ya umwagiliaji siitaji. Akina mama wanaolima pale hawajaomba umaarufu.

Msimu wa mvua uliopita alifika kibandani jamaa mmoja kutoka Mwanza. Tumwite Frank. Mwenyewe alitaka aitwe Captain Frank. Captain wa nini sijui, maana meli sikuiona.

Alikuwa na pickup nyuma imejaa mountain bike, glavu zisizo na vidole, na miwani inayobadilika rangi kama mafuta ya taa yaliyomwagika majini. Akaniambia anafanya biashara ya kuongoza wageni kwa baiskeli. Wanapita msituni, kisha wanafuata mifereji ya maji, wanapiga picha, wanarudi mjini wamepona stress.

"Nataka fundi wa kunifuata nyuma," akasema. "Spana zako, viraka, pampu. Njia niachie mimi, mimi ndiye guide."

Nikamuuliza kama ameshapita huko.

"Ramani ninayo kwenye simu, kaka."

Hapo ndipo nilipopaswa kuinama nikaendelea kunyoosha rimu ya mteja wangu. Lakini wakuu, niseme ukweli, nilizitamani zile baiskeli. Breki za mafuta, gia zinaingia kimya kimya. Nimetengeneza baiskeli za chuma maisha yangu yote, sijawahi hata kuigusa ya namna ile. Nikakubali.

Jumamosi asubuhi tukaanza. Wageni walikuwa wanne. Wawili nitawataja: Neema, nesi, mwanamke mpole asiye na makuu, na Baraka, anafanya kazi benki, kila baada ya muda anauliza kama kuna mtandao. Wale wengine wawili walikuwa rafiki zake Baraka.

Msitu wenyewe wenyeji wanauita Kisiwa. Siyo kisiwa cha ziwani. Ni kilima chenye miti mikubwa kilichozungukwa na tindiga pande zote, na mvua ikikolea maji yanasimama kweli, unavuka kwa njia moja tu ya udongo. Ndani kuna ubaridi na nyani. Ni pazuri, sitasema uongo.

Frank alikuwa anatangulia, anapaza sauti kama mwalimu wa zamu. "Kundi, shusheni gia! Kundi, angalieni mizizi!"

Aliyeanguka kwenye mizizi ni yeye.

Baada ya nusu saa tukapita kwenye mti uleule kwa mara ya pili. Nyani aliyekuwa juu akatuangalia vilevile. Frank akasimama, akainua simu juu kama anayeomba mvua, akasema satellite za huku zina shida.

Nikasogea nikamwambia kwa sauti ya chini njia ya kutokea iko kushoto, pale penye kichuguu. Akaitikia kwa kichwa, kisha akageukia wageni: "Kundi, nimeamua tutoke kushoto."

Ameamua!

Naomba niweke pembeni neno moja. Huku kwetu kuna watu wanapakia ndizi kwenye keria mpaka baiskeli haionekani, wanapanda mlima kwa baiskeli isiyo na gia hata moja, ndala mguuni, na wakikukuta wanakusalimu. Hakuna aliyewahi kuwaita captain. Mmoja alitupita pale tunatoka msituni, akatuamkia vizuri, akaenda zake. Frank akawaambia wageni, "Hawa wenyeji hawana technique."

Nikanyamaza. Siku ile nilinyamaza sana.

Tukafika mferejini kama saa tano.

Kwa wasiojua, mfereji mkuu wa skimu ile ni wa udongo, haujajengewa. Maji yanatoka kwenye lango juu kule, yanatembea mbali sana pembezoni mwa kilima, kulia kwako mfereji, kushoto kwako chini kabisa majaruba ya mpunga. Katikati ndiyo tuta, upana wake ni kama wa meza. Mpunga ulikuwa unaanza kutoa mashuke. Mkulima yeyote anajua maana yake: ukikosa maji wakati ule, unavuna makapi.

Na tuta lilikuwa limefungwa.

Miti miwili imelazwa, juu yake matawi ya miiba yamepangwa vizuri, na kitambaa chekundu kimefungwa katikati. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeelewa kwamba hapa usipite. Nikamwambia Frank tuta litakuwa limelegea kwa mvua, tuzungukie barabara ya chini.

"Kaka, barabara ya chini ina nini? Wageni wamekuja kuona maji," akasema. "Hiyo miiba wameweka kwa ajili ya ng'ombe. Sisi ni ng'ombe?"

Wageni wakacheka. Na mimi, wakuu, nikacheka kidogo.

Kisha nikainama nikaitoa ile miiba. Frank hakuigusa, alikuwa na glavu zisizo na vidole. Ni mimi niliyevuta tawi moja baada ya jingine nikayatupa pembeni. Nilijua lile tuta. Nimewahi kulima jaruba la kukodi bondeni kule. Nilijua, na nikaitoa, kwa sababu sikutaka wageni wa mjini wanione mshamba mwoga.

Tukapanda. Frank mbele na kamera kichwani, Baraka na wenzake, Neema, mimi nyuma.

Sikusikia sauti yoyote. Nilichoona ni udongo chini ya tairi la Neema ukishuka, taratibu, kama uji unavyoshuka sufuriani. Baiskeli ikalala, Neema akaangukia upande wa maji, na kipande cha tuta kikaporomokea upande wa mpunga.

Mfereji siyo mto, lakini baada ya mvua una nguvu. Na mbele kidogo kulikuwa na karavati ambako maji yanapita chini ya njia ya ng'ombe. Ukiingia mle, kutoka ni bahati.

Nilitupa baiskeli nikakimbia. Kulikuwa na mama mmoja anapalilia upande wa pili, akaniona, akaona kinachokuja na maji. Hakupiga hata kelele. Alishuka ukingoni akanyoosha jembe lake.

"Shika mpini! Shika!"

Neema akashika kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa haufanyi kazi. Mimi nikavukia juu ya karavati, nikamdaka helmeti, kisha kwapa, tukamvuta mimi na yule mama mpaka akalala kwenye nyasi, anakohoa maji ya matope.

Karavati lilikuwa hatua tatu kutoka pale.

Neema mwenyewe ndiye aliyejipima. Akapitisha vidole begani, uso umekunjamana, akasema, "Mtulinga umevunjika. Nipeni kitambaa." Yule mama akavua kitenge alichokuwa amejifunga juu ya gauni, akamfunga mkono kifuani kama alivyoelekezwa.

Yule mama ndiye Mama Gaudensia, mwenyekiti wa watumia maji wa skimu. Alipohakikisha Neema anapumua, akasimama, akaangalia ng'ambo kule tuta lilipopasuka. Maji yalikuwa yanashuka kwenye majaruba kama yamefukuzwa, yanalaza mpunga, yanaenda kupotea tindigani. Na majaruba yote ya chini, ambayo zamu yao ilikuwa siku ile, mfereji wao ulikuwa unakauka.

"Yesu Maria," akasema. Basi.

Kisha akapiga kelele ya kuitana. Wakuu, sijui walitokea wapi. Wanawake, wanaume wachache, majembe, viroba. Mmoja akatumwa mbio kufunga lango la juu, lakini lango liko mbali, na shimo lilikuwa linapanuka huku tunaangalia.

Hapo Captain akawasili, Baraka na wenzake nyuma yake. Alikuwa amefika mbali, hajui kama nyuma ameacha watu.

"Wewe ni nani?" Mama Gaudensia akamuuliza.

"Mimi ni guide wao, mama."

"Gaidi?"

"Guide! Guide!"

"Hata mimi nasema gaidi," mama akajibu. "Nani amekuruhusu kupitisha baisikeri kwenye mfeleji?"

Frank akawageukia wageni akatabasamu, akarudia kwa sauti ya kuigiza, "Baisikeri kwenye mfeleji." Alitegemea wacheke. Hakucheka mtu. Hata Baraka aliangalia chini.

Halafu Mama Gaudensia akauliza swali nililokuwa naliogopa.

"Miiba nani kaitoa?"

Frank akanionyesha kwa kidole. Haraka sana. Siku nzima hakuwahi kuonyesha njia sahihi, lakini hapo kidole kilikwenda moja kwa moja.

"Shikamoo mama," nikasema, maana sikujua nianzie wapi. "Ni mimi."

"Marahaba. Wewe si ulilima hapa?"

"Nililima, mama."

Alinitazama. Natamani angenitukana.

"Kailete," akasema. "Yote. Na hizo baisikeri zilete."

Sikuelewa mpaka nilipoona. Viroba vya udongo vilikuwa vinasombwa kila wakivishusha, kwa sababu havikuwa na cha kushikilia. Mama Gaudensia akachukua ile baiskeli iliyolala tutani, akailaza kwenye mpasuko, magurudumu yakajikita pande zote mbili. Nyingine juu yake. Kisha miiba, kisha majani ya migomba, kisha viroba. Vikashika.

Frank akapiga ukelele kama amechinjiwa mbuzi.

"Hizo ni aluminium! Mnajua hizo ni nini? Ni aluminium!"

"Zinafaa," akasema mwanaume mmoja aliyekuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, akasukuma baiskeli ya tatu.

Tulimtafutia Neema bodaboda, Baraka akapanda nyuma yake akimshikilia, wakaenda zahanati. Frank akasema anakwenda kufuata pickup ili awawahi. Akapanda baiskeli yake, safari hii kwa barabara ya chini ambayo haikuwa na kitu. Hakufika zahanati. Hakurudi. Pickup tuliikuta jioni sokoni imeegeshwa, yeye anakunywa soda, anasema alikuwa anatafuta mtandao.

Wale rafiki wawili wa Baraka, ambao asubuhi nilikuwa nawadharau kwa viatu vyao, walibaki. Walibeba udongo mpaka malengelenge yakatoka na kupasuka. Hakuna aliyewalazimisha. Mmoja wao alimuuliza Mama Gaudensia walipe nini.

"Hatutaki hela," akasema. "Tunataka tuta."

Tukawapa tuta. Lango lilikuwa limeshafungwa, tukashindilia udongo kwa miguu, watu ishirini tunakanyaga kwa pamoja. Jioni maji yakafunguliwa kidogo kidogo. Yakapita. Yale majaruba yaliyolala chini ya mpasuko hayakuinuka tena. Yalikuwa matatu, na moja ni la mama mjane ambaye siku ile alikuwa anakanyaga udongo bega kwa bega na mimi.

Bega la Neema limepona, amenipigia mwenyewe. Baiskeli Frank alizifuata baada ya siku mbili, zimepinda, matope mpaka kwenye gia. Alikuja na polisi jamii kushtaki. Yule polisi jamii ana jaruba skimu ileile. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

Sasa sikieni hii.

Wiki tatu baadaye Baraka ananitumia video. Frank ameiweka mtandaoni, muziki juu, sisi tuko matopeni tunajaza viroba, kumbe kile kikamera cha kichwani kilikuwa kinarekodi kabla hajakimbia. Ameandika kwamba safari zake "zinashirikisha jamii". Watu wamejaza makofi na mioyo. Mmoja anauliza tarehe ya safari inayofuata.

Na akanipigia, huyo huyo Frank. Ana wageni kutoka nje, anataka fundi. Nikamwambia nitakuja kwa sharti moja, aende kwanza kwa Mama Gaudensia aombe njia. Akasema mambo ya vikao vya kijiji yanaua vibe. Nikakata simu nikaendelea na kazi.

Lakini wakuu, sikuja hapa kumponda Frank peke yake, ingawa anastahili na nimejitahidi. Frank alikuwa hajui. Mimi nilikuwa najua. Mjinga mwenye ramani ana madhara yake, ila anayejua halafu akakaa kimya ili asionekane mshamba, huyo ndiye anayemfungulia njia.

Siku ya wanaskimu kusafisha mfereji nilifunga kibanda, nikaenda na jembe. Hakuna aliyeniita. Mama Gaudensia aliniona nakuja, akaendelea kuhesabu watu wake. Nilipofika karibu akaninyooshea mkono upande wa karavati, penye tope zito kuliko kote.

"Anzia pale," akasema.

Nikaanzia pale.

Somo langu ndilo hilo: kabla hujamfuata anayejiita guide, muulize njia ni ya nani, siyo inakwenda wapi. Na kama jibu unalijua wewe, litamke, hata wakikucheka.

Wenye macaptain wenu, wamwageni hapa tuwajue. Na wale mtakaosema nilistahili kutukanwa na yule mama, andikeni tu, nasoma zote.