Maua Hayakungoja Matanga

Mama mkwe wangu alifariki vanila ikiwa katika maua. Nisingejua alivyonipenda, ningesema amenikomoa. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu. Usipolichavusha kwa mkono jua likiwa bado changa, linanyauka na kudondoka. Nasi kwetu Kagoma, aliyefiwa na majirani zake hawashiki kazi ya shamba mpaka matanga yaishe.

Mimi ni mjane, na vanila ile ndiyo ilikuwa ada ya binti yangu chuo cha uuguzi. Sikuwa na nyingine.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuja kumzika mama yake kutoka mjini, Ijuganyondo, na gari pamoja na maoni. Alisema mila hizi ndizo zinazotufanya maskini, kijiji kizima kinakaa kwenye nyasi zilizotandikwa msibani huku kazi zikiharibika. Nikamjibu kwamba huo ndio utu wetu.

"Utu haulipi ada, shemeji," akasema.

Nilitamani kummwagia chai. Kilichoniuma ni kwamba niliona anasema kweli. Kila asubuhi nilikaa pale sebuleni, kupitia mlangoni nikitazama kibanja changu, migomba na vanila chini yake, nikijua maua yanafunguka na kufa.

Majirani walileta ndizi, kuni na maji. Jirani yangu wa mpakani, ambaye mbuzi wake walikuwa wametugombanisha, alifika kila siku akiwa amechelewa, khanga imelowa umande mpaka magotini. Nikasema moyoni, huyu hata msibani anajivuta.

Matanga yalipoisha niliingia kibanjani nikiwa karibu kukimbia. Maua yalikuwa yamenyauka, lakini hayakudondoka. Yaling'ang'ania vikonyo vyake, na vikonyo vilikuwa vimeanza kunenepa. Nilienda mche hadi mche, nikalia kuliko nilivyolia makaburini. Mama mkwe atanisamehe, ada ile alikuwa akiiombea yeye mwenyewe.

Jirani alikuwa amenifuata. Nikakumbuka khanga yake iliyolowa umande, nikamuuliza, na mwiko je?

"Waitu, ndugu yangu, jembe hatukuligusa," akasema. "Mwiko unakataza kulima. Kuozesha maua, kuyafungisha ndoa, haukukataza."

Yeye na wanawake wenzake waligawana miche yangu kila alfajiri kabla ya kuja msibani. Tena hawakuacha ua hata moja, ikabidi nipunguze mengine mche usije ukaelemewa. Hasara ya namna hiyo naitaka kila mwaka.

Vanila ikakaa mtini miezi tisa bila mlinzi. Kwingine huivuna mbichi kwa kuogopa wezi, na bei huanguka. Yangu haikuguswa na mtu. Nilipoifikisha sokoni Nshamba, mnunuzi alitazama ncha zilizoanza kuwa za njano, akaacha kutafuta kasoro. Binti yangu sasa anavaa sare ya chuo, nami natembea kifua mbele na sijali nani ananuna.

Msimu huu jirani yangu alifiwa na mumewe, maua yakiwa yamefunguka. Shemeji alikuja kutoa pole, akalala kwangu. Alfajiri nikamgongea mlango, nikampa mwiba wa mchungwa wa kuchavushia, nikampeleka kibanjani kwa jirani na viatu vyake vya mjini. Ua la kwanza akalichana.

"Taratibu, shemeji," nikamwambia. "Hiyo ni ada ya watu."