Ruhusa Niliyomnyima Kabula

Nikiikumbuka asubuhi ile, mwanangu, huwa nachoka upya. Nilifunga karakana yangu ya kuchomelea milango pale Igoma, nikaenda mjini bila hata kunawa mikono, kumzuia mshauri wa watoto asimwone tena binti yangu Kabula.

Mimi na mama yake tulikuwa tumeachana. Mahakama ilimpa yeye malezi, mtoto akawa anaishi Kirumba na kuja kwangu wakati wa likizo. Alikuwa na miaka saba, na tangu tulipotengana alikuwa ameacha kusema. Hakuwa bubu, aliacha tu. Mama yake akaanza kumpeleka kwa mshauri kila Jumatano. Huko walicheza, wakachora, na taratibu mtoto akaanza kunong'ona. Habari hizo nilizipata kwa jirani, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mimi ndiye baba," nilimwambia mshauri. "Ng'ombe wa mahari nilitoa, na hawajarudishwa. Mtoto hatibiwi chochote bila ruhusa yangu."

Alinisikiliza kwa upole. "Baba Kabula, haki ya kuulizwa unayo. Njoo Jumatano ukae na mama yake, tuzungumze."

"Sikai naye."

Akasema basi atasitisha vikao hadi tuelewane, maana hakutaka mtoto avutwe huku na huku. Nilitoka nikijiona nimeshinda. Lakini nikuambie ukweli: niliogopa mtoto atasema nini juu yangu. Kelele zangu katika nyumba ile alizisikia zote.

Miezi minne ikapita. Likizo ilipofika Kabula alikuja kwangu, hanong'oni tena. Maji anaonyesha kwa kidole, ugali kwa kidole. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Magu kutusalimia, alimtazama siku mbili nzima, kisha akaniita jikoni.

"We Masanja, ng'ombe ulitolea mke. Ulimi wa mtoto uliununua kwa ng'ombe wangapi?"

"Shangazi, hawakuniuliza..."

"Na wewe umemuuliza nani? Umemuuliza Kabula?"

Jumatano iliyofuata niliketi benchi moja na mama yake kwa mshauri. Hatukutazamana, lakini tulikubaliana: yeye atampeleka siku za shule, mimi likizo, mshauri atatueleza wote wawili maendeleo yake, ila anayoyasema mtoto mle ndani yabaki ya mtoto.

Kabula alirudi kusema, ingawa safari hii ilichukua muda mrefu zaidi. Leo ana watoto wake. Kila Jumapili hunipigia: "Shikamoo baba, umekula? Dawa umekunywa?" Yanayomsumbua humwambia mama yake. Simlaumu.

Mwanangu, ukiachana na mwenzio, nyote wawili mnabaki wazazi. Kama mtoto anaishi kwako, mweleze mwenzio mapema. Mama Kabula angeniambia mwanzoni, pengine nisingeenda na hasira. Na ukiwa wewe ndiye unayeelezwa, uliza: mtoto ana shida gani, atasaidiwaje, nami nifanye nini? Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii awasikilize, na muombe huduma ya mtoto isisimame. Ukijiona unataka kukataa, jiulize kwanza unamlinda nani. Ukigundua unajilinda mwenyewe, usikate tamaa, mimi pia nilikuwa hivyo. Rudi tu, hata kama umechelewa.

Mungu akulainishe moyo mapema kuliko alivyonilainisha mimi. Na wanao, wakiwa na linalowaumiza, wakuambie wewe.