Toleka na Mwezi Mdogo wa Zohali

Kwa miaka ishirini na mitano Doudou alibeba abiria kwa toleka, baiskeli yenye mto wa kukalia nyuma, na mtu akimwambia kwamba zama zake zimepita na sasa ni zamu ya pikipiki, alijibiwa kwa matusi. Hasira zake zilikuwa za karibu. Kila asubuhi alimpakia Mwalimu Ursule, anayefundisha fizikia, kutoka mtaa wa Kabondo hadi shuleni.

Siku moja njiani mwalimu akamsimulia somo lake la siku hiyo. Sayari ya Zohali ina mwezi mkubwa, na mbele ya huo mkubwa, kwenye njia ileile, kuna mwezi mdogo, mdogo sana. Yote miwili inazunguka tangu zamani, na ule mkubwa haujawahi kuugonga mdogo.

"Njia moja?" Doudou akauliza. "Na mukubwa hafukuzake mudogo?"

"Hata siku moja, tonton," mwalimu akajibu, akimwita mjomba kwa Kifaransa.

Habari hiyo ilimkaa moyoni. Vijana wa pikipiki walikuwa wametangaza kwamba toleka zipite vichochoroni, barabara kubwa ni yao. Sasa Doudou aliwajibu kwa habari ya ule mwezi: "Hata kule juu mudogo iko na haki yake!" Walicheka hadi wakashika mbavu. Amuri, mwenye mdomo kuliko wenzake, akamwonya: "Papa, kesho nikikukuta mbele yangu, nitapita juu yako."

Kesho yake akamkuta mbele yake, amempakia Ursule, katikati kabisa ya barabara, na hakupunguza mwendo. Aliigonga baiskeli ikapinda, mkono wa Ursule ukavunjika, na Amuri akaanguka pamoja na pikipiki yake. Desturi yao ni kwamba pikipiki ikianguka, nyingine zote zinasimama, na aliyeiangusha anapigwa kabla hajaulizwa kitu. Walimpiga Doudou kwa mateke na kwa mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe. Jino likatoka. Kisha wakaimwagia toleka petroli, wakaiwasha, wakaenda zao.

Amuri alibaki akihangaika na pikipiki iliyogoma kuwaka. Ursule akatambaa hadi kwa Doudou, analia.

"Unisamehe, tonton. Sikukuambia yote. Ile miezi mbili iko na mwendo moja. Ni sababu ya ile hazigongane."

Doudou akatema damu, akawaza kidogo. Kisha akainuka, akaokota jiwe kando ya mtaro, akamwendea Amuri kwa nyuma. Mkono wa kulia wa kijana ulikuwa kwenye usukani, pale pa kutilia mwendo. Akaupiga. Akaupiga tena, na mara ya tatu, mpaka vidole vikapoteza umbo na Amuri akawa anapiga mayowe, akimwita mama yake.

"Bon," Doudou akasema. "Sasa mimi na wewe tuko na mwendo moja."

Alijisikia raha, raha ya kweli, ambayo hakuwa ameipata miaka mingi. Akamgeukia mwalimu ili amwinue. Ursule alikuwa akijiburuta kurudi nyuma vumbini, mkono uliovunjika ukining'inia.

"Usiniguse, tonton," alisema. "Tafazali, usiniguse."