Meno ya Kwanza Kwenye Kitako cha Bunduki

Waarabu wa bara ya Saudia huiita bunduki kwa jina la uzazi. Inayobeba risasi kumi ni Umm Ashara, mama wa kumi. Inayobeba tano ni Umm Khamsa, mama wa tano. Ya Waingereza, iliyopigwa muhuri wa taji kwenye chuma, ni Umm Taj, mama wa taji. Niliposikia hayo mara ya kwanza nikasema basi mimi ni mama wa sita na bibi wa kumi na wanne, nitundikeni na mimi ukutani.

Ukuta wenyewe ulikuwa Riyadh, katika nyumba nilimokuwa nikipika, na mwenye nao alikuwa mama mzazi wa kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini. Alikuwa kizee mjane ambaye sote, kuanzia wakaza wanawe mpaka dereva, tulimwita Mama Kubwa. Sebuleni kwake hakukuwa na maua ya plastiki kama kwa majirani. Kulikuwa na bunduki kuukuu za jeshi, zile ambazo majeshi yamezichoka zikauzwa kwa mafungu kama mitumba. Wanaume wenye mali hukusanya zilizopambwa kwa fedha. Yeye alitaka za rahisi, zilizochubuka, za askari wa kawaida aliyelala nazo mchangani. Mwanawe aliziandikisha zote serikalini, na kila moja ilikuwa imeng'olewa mwiba wa kugonga risasi. Hazikuweza kuua hata nzi, labda umtwange nayo.

Kazi ya kuzifuta ilikuwa yangu, kwa kitambaa na mafuta ya cherehani. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwetu Tanga, lakini bunduki haitaki shule. Ya Mwingereza ina mdomo butu kama wa nguruwe. Ya Mturuki ina mwezi mwandamo na tarakimu za Kiarabu mgongoni. Ile ya zamani zaidi ina mkono chini ya tumbo, unaushusha kama mpini wa pampu. Ukishazifuta mara kadhaa unazijua hata gizani, kama unavyowajua watoto wako kwa kikohozi.

Sababu ya Mama Kubwa ilikuwa moja na hakuificha. Baba yake alikuwa na bunduki ya Waturuki, mama wa tano. Mwaka wa ukame akaiuza, akarudi na mchele na mbuzi wawili. Mama Kubwa alikuwa mdogo mno, hakukumbuka lolote. Alichojua alisimuliwa na mama yake: kwamba alipokuwa anaota meno alikuwa akilazwa karibu na bunduki hiyo, akawa anakiguguna kitako chake mpaka akaacha alama kwenye ubao. Baba yake aliwaonyesha wageni. "Wenzangu bunduki zao zimeua watu," alikuwa akisema. "Yangu imeliwa na binti yangu."

Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Katikati ya ukuta kulikuwa na kulabu moja tupu, na hakuna aliyeruhusiwa kuitundikia kitu, hata kalenda.

Shida ilikuwa mwili wake. Macho yalikuwa na ukungu, na sukari ilikuwa imemla vidole. Akigusa ubao na akigusa kitambaa, kwake ni mamoja. Kwa hiyo ikiletwa bunduki alikiinua kitako mdomoni, akakipapasa kwa midomo na ncha ya ulimi, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi kama una chumvi. Kisha ananiita mimi nithibitishe kwa macho. Kwa nini mimi na si wanawe? Kwa sababu nilikuwa nikijisifu jikoni kila siku kwamba hakuna mjukuu wangu aliyeota jino nisilione, hata huyu wa mwisho aliyeota mimi niko Riyadh. Mama yake alimfungua kinywa mbele ya simu mpaka nikahesabu. Nikajisifu mpaka nikapewa kazi.

Habari zikaenea kwamba yuko kizee anayenunua bunduki zilizong'atwa. Wauzaji nao si wajinga. Zikaanza kuja zilizotafunwa na mbwa, zilizochomwa msumari, hata moja iliyobanwa kwa koleo na fundi mmoja wa mtaa wa Manfuha. Huyo wa koleo aliileta mwenyewe, anaapa. Mama Kubwa akaionja, akanipa. Alama zilikuwa upande wa juu tu, nzuri, zimejipanga. Chini pasafi.

"Huyu mtoto kwetu ni kigego," nikasema.

"Kigego ni nini?"

"Mtoto anayeota meno ya juu kabla ya ya chini. Wazee walikuwa wakimwogopa, wakisema ana mkosi. Watoto wote huanza chini, Mama Kubwa. Huyu ameuma kwa meno ya juu peke yake. Labda chini alikuwa ameshika koleo."

Alicheka mpaka shela ikamvuka. Yule fundi hakuelewa, akacheka naye kwa adabu. "Halas, basi," Mama Kubwa akamwambia. "Mpelekee mama yake huyo kigego."

Kisha ikaja simu kutoka Jeddah. Mtu wa mtaa wa Ruwais alikuwa na bunduki ya Mturuki aliyoachiwa na baba yake, ina alama kitakoni, mbili mbili, na hakuwa amewahi kusikia habari za kizee yeyote. Alikuwa amempigia mwanawe Mama Kubwa kwa shughuli nyingine kabisa, na katika mazungumzo ndipo bunduki ikatajwa. Mwanawe akamwambia mama yake mbele yangu kwamba hii iwe safari ya mwisho. Miguu yake ilikuwa imeanza vidonda na daktari hakutaka akae garini. Mama Kubwa akajibu, "Ikiwa ndiyo, nitakuwa na haja gani ya safari nyingine?"

Dereva alikuwa Mkenya, mtu mzima mwenye watoto, mlokole. Aliniita shosho, yaani bibi, kana kwamba amenizalia mjukuu. Mama Kubwa alilala nyuma juu ya mito, mimi nikakaa pembeni yake na chupa ya chai.

"Shosho," dereva akaniambia kwa Kiswahili chetu asisikie Mama Kubwa, "siku nzima kwa barabara kuona mbao imeng'atwa. Kwetu mngewekewa mikono muombewe, nyinyi wawili."

"Endesha."

"Si naendesha. Na pia naomba."

Mama Kubwa akauliza tunasema nini. Nikamwambia anauliza Jeddah maana yake nini. Akasema watu husema ni bibi, kwa sababu ya bibi yetu Hawa, wanayesema amezikwa kule. "Mwambie tunakwenda kwetu," akasema, akafumba macho.

Nyumba ya Ruwais ilikuwa ya zamani, chumvi imeila rangi yake. Mwenyewe alikuwa mtu mpole, mtumishi wa bandarini aliyestaafu. Alitukaribisha kahawa na tende, kisha akaitoa bunduki kutoka stoo chini ya ngazi, imefungwa kwa shuka la maua. Ilipopita karibu yangu nikasikia harufu ya magunia. Mwezi mwandamo ulikuwepo, tarakimu zilikuwepo, na kitako kilikuwa cheusi kwa jasho la mikono ya watu. Mama wa tano, bila shaka yoyote.

Mama Kubwa alikiinua kitako mdomoni. Safari hii hakukishusha. Midomo yake ilikwenda ukingoni, ikarudi, ikatulia mahali pamoja. Dereva aliyekuwa amesimama mlangoni akavua kofia, sijui kwa nini. Mwenye nyumba akaacha kumimina kahawa.

"Zipo," Mama Kubwa akasema. "Mbili mbili. Angalia wewe."

Nilikipeleka dirishani. Alama zilikuwepo kweli, mbili mbili, za upana wa meno ya chini ya mtoto. Lakini mtoto hubonyeza. Ubao wake hubaki palepale, umezama tu, kwa sababu hana nguvu ya kuutoa. Pale ubao ulikuwa umeondoka. Ilikuwa mifereji myembamba iliyopandiana, kingo zake kali, imekwanguliwa kutoka pembeni kuja ndani. Nimeona milango ya ghala kwetu imeliwa hivyo hivyo.

Nilijua anataka niseme nini. Chumba kizima kilijua. Lakini wa kumwambia anachotaka alikuwa nao tele nyumbani, wakaza wana na wajukuu, wote wana midomo mitamu. Mimi hakunitoa jikoni kwa ajili hiyo.

"Panya," nikasema.

Dereva akakohoa. Mama Kubwa akageuza uso upande wa sauti yangu.

"Una hakika?"

"Ninayo. Mtoto anabonyeza, huyu amekwangua."

"Panya wa sasa au wa zamani?"

Nikatazama tena. Ndani ya mifereji ubao ulikuwa mweusi kama ulivyo nje, umeshiba jasho lile lile. "Wa zamani. Wa zamani sana."

Akainamisha uso. Nilidhani analia, nikatafuta karatasi ya kumpa, kumbe anafikiri.

"Kwetu kulikuwa na panya," akasema hatimaye. "Mama yangu hakuwahi kuwataja, lakini kulikuwa na panya. Nyumba yenye mtoto na mchele itakosaje?" Akamgeukia mwenye nyumba. "Yalla, ifunge, naichukua. Hii ni Umm al-Far. Mama wa panya."

Njiani dereva hakunisemesha mpaka tulipotoka mjini na Mama Kubwa amelala.

"Shosho, ungesema tu mtoto. Ingekucost nini?"

"Ungesema wewe."

"Mimi nimeokoka, siwezi danganya."

"Basi nyamaza."

Tulipofika Riyadh, Mama Kubwa akamwamuru dereva aitundike kwenye ile kulabu ya katikati. Wanawe walipouliza kama ndiyo yenyewe, alisema mafi, hakuna yenyewe, hii ni hii. Wakatazamana. Wauzaji waliopiga simu baada ya hapo aliwajibu kwamba ukuta umejaa, na kweli hakununua nyingine. Nikaendelea kuifuta pamoja na wenzake.

Miezi ikapita, kitukuu chake kikaletwa kutoka Dammam, binti, mashavu kama maandazi, anatoa mate na kulia. Nikaingiza kidole kinywani: mawili ya chini, yamechomoza. Nikawatangazia wote kama ilivyo desturi yangu. Mama Kubwa akaniambia niishushe mama wa panya, nikioshe kitako kwa sabuni na maji moto, nikisuuze na kukikausha. Mama wa mtoto akafungua mdomo kukataa, akamtazama bibi wa mumewe, akaufunga. Nikampakata mtoto na Mama Kubwa akakishikilia kitako kwa vidole vyake visivyohisi. Mtoto akakivamia. Alikiguguna kwa bidii, anaguna, macho yamemtoka, mpaka akachoka akakiacha.

"Ameacha alama?" Mama Kubwa akauliza.

Nikakigeuza kwenye mwanga, huku na huku. Ubao wa Mturuki ni mgumu kuliko nilivyodhani.

"Mate tu," nikamwambia.

Akakipangusa kwa ncha ya shela yake, akakiweka mapajani.

"Tusubiri," akasema. "Ataota mengine."