Siku Agatha Alipokaribisha Viti Vitupu

Kwa miezi saba Dkt. Agatha Qamara alikuwa kaimu mkuu wa chuo kikuu kidogo kilicho juu ya Bashay. Baraza la chuo lilikuwa limesema litaamua kama atathibitishwa au ataondolewa, ila kwanza mwenyekiti wake, Mzee Nurdin wa Katesh, aje amsikilize akiwakaribisha wahadhiri na wafanyakazi katika mwaka mpya wa masomo.

"Nataka kuona kama ana watu," alisema mzee.

Hotuba ilimchukua Agatha wiki mbili. Alizaliwa hapohapo Bashay, akachunga ndama hadi darasa la tano, akasomea udongo Morogoro, akarudi. Mpe konzi ya udongo, atakwambia shamba lina njaa ya nini. Lakini tarehe aliipanga ofisini, kwa kutazama kalenda ya ukutani: Jumatatu ya tatu ya Novemba.

Jumamosi mvua ya kwanza ikanyesha. Jumapili ikanyesha tena, polepole, mvua ya kuingia ardhini. Jumatatu jua likatoka juu ya udongo mweusi uliolainika, na ukumbini, penye viti themanini, wakakaa watu kumi na mmoja: Sada wa maktaba, Gidamis mlinzi wa geti, wahadhiri wageni na wengine wachache ambao siku ile hawakudaiwa shambani.

"Shikamoo, mzee," Agatha alimwamkia Mzee Nurdin.

"Marahaba. Watu wako wapi?"

"Wanalima."

"Wahadhiri?"

"Na wahadhiri."

Simu ikaita. Alikuwa Dkt. Herman, naibu wake wa taaluma. Agatha akaweka spika ili mzee naye asikie.

"Mkuu, samahani sana. Leo ng'ombe wapo kwa Konsolata, keshokutwa wanakuja kwangu. Nisipotokea kwake, nani atakuja kwangu?"

Sauti ya kike ikadakia kwa nyuma, sauti ya mpishi mkuu wa chuo. "Mwambie daktari wake analima kama amelewa. Tuta moja kona tatu."

"Huyo ndiye Konsolata," Herman alisema kwa unyonge.

Huko majirani huunganisha ng'ombe, jozi ya huyu na jozi ya yule, wakalimiana kwa zamu. Hakuna anayeiandika zamu, wala hakuna anayeivunja. Asiyetokea kwa mwenzake, siku yake ikifika hushika plau peke yake. Shamba la mama yake Agatha lililimwa hivyo miaka yote aliyokuwa masomoni.

Mzee Nurdin alitoa kalamu. "Nipe majina ya wasiofika. Barua za onyo zitoke leo. Baraza likiona umechukua hatua, mimi mwenyewe nitasimama kukutetea. Utathibitishwa."

Orodha ya wafanyakazi ilikuwa mkononi mwa Agatha, ndani ya faili moja na hotuba. Aliitazama. Jina la pili lilikuwa la Herman. La Konsolata lilikuwa ukurasa wa mwisho, pamoja na wapishi wenzake.

"Andika jina moja, mzee," alisema. "Agatha Qamara. Tarehe ni yangu. Mgeni angekosea hivi, tungemsamehe. Mimi nimezaliwa hapa."

"Unaelewa unachokikataa?"

"Naelewa."

Mzee akaigeuzageuza kalamu, ikiwa bado wazi. "Mimi nimekulia dukani, mwanangu. Baba yangu hakuwahi kufunga duka kwa sababu ya mvua."

"Na siku ya mnada?"

"Siku ya mnada alifunga. Tulibeba bidhaa tukaenda huko mnadani."

"Kwa nini?"

"Angemuuzia nani? Watu wote..." Mzee aliishia hapo. Akaifunga kalamu taratibu. "Nitalieleza baraza nilichokiona. Sikuahidi kitu."

Agatha hakupanda jukwaani. Alivuta kiti, akakaa mbele ya wale kumi na mmoja, akawakaribisha kwa majina mmoja mmoja, kisha akawauliza zamu zitakwisha lini. Wahadhiri wageni walitazamana. Gidamis ndiye aliyejua.

"Leo Konsolata, keshokutwa daktari," alihesabu kwa vidole, akizitaja nyumba moja baada ya nyingine. "Mimi ni wa mwisho. Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi tutakutana Ijumaa yake."

"Ijumaa watu watakuwa wamechoka, mkuu."

"Watakaa. Viti vipo."

Jumatano ya wiki hiyo ya pili baraza lilikutana, likamwongezea Agatha miezi sita mingine ya ukaimu. Halikumthibitisha. Mzee Nurdin alimpigia mwenyewe kumwambia, sauti yake ikiwa na aibu kidogo. Agatha alimshukuru, akarudi kwenye hotuba, akafuta kurasa mbili za mwanzo.

Ijumaa viti havikutosha. Wapishi walikaa pale walipopata nafasi, wengine mstari wa mbele, na hakuna aliyewahamisha. Agatha alisema maneno machache: kwamba alikosea tarehe, kwamba anawahitaji, kwamba wanafunzi wanafika Jumatatu. Wakampigia makofi. Herman, karibu na Konsolata, alipiga yake kwa uangalifu, kwa ncha za vidole tu, maana viganja vilikuwa vimejaa malengelenge.